Hapana, London haijawa rahisi

Shemeji kanitumia tena ile habari: mfumuko wa bei Uingereza umeshuka. Chini yake kaandika, "Sasa mmepumua, mtukumbuke na sisi." Kazi yangu ni takwimu za bei, hapahapa London, na hoja hii nimeijibu harusini, msibani na kwenye foleni ya kinyozi. Naiandika ili siku nyingine nitume kiungo tu.

Tupige hesabu. Chukua manunuzi ya pauni 100 Oktoba 2021. Oktoba 2022 mfumuko, yaani kasi ya bei kupanda kwa mwaka, ulikuwa asilimia 11.1, wa juu kuliko wote katika miaka 41, kwa hiyo manunuzi yaleyale yakawa pauni 111.10. Oktoba 2023 ulikuwa 4.6: pauni 116.20. Oktoba 2024, 2.3: karibu pauni 119. Mfumuko umeshuka mara mbili, na mara zote mbili umelipa zaidi. Rishi Sunak, waziri mkuu wa wakati huo, alipoahidi Januari 2023 kuupunguza kwa nusu, na Novemba akatangaza kwamba kazi imekwisha, hakudanganya. Alichopunguza (au kilichopungua chenyewe gesi iliposhuka bei, huo ni ubishi mwingine) ni kasi ya kupanda.

Asiyependa asilimia apande basi. Nauli ya basi London ilikuwa pauni 1.50 kwa miaka kadhaa, ikapanda hadi 1.55, 1.65, kisha 1.75 Machi 2023, na meya Sadiq Khan akaisimamisha hapo. Mwaka uliofuata mfumuko wa nauli hiyo ulikuwa sifuri. Sifuri! Na mashine ilikuwa bado inakukata 1.75.

Kwa nini Benki Kuu ya Uingereza inalenga asilimia 2 na si sifuri? Bei zikishuka kila mahali watu huahirisha manunuzi, mishahara hubanwa, madeni huwa mazito. Tuendelee.

Wanaonikera zaidi ni wale wanaoyaelewa hayo yote, kisha wanaichukua ile asilimia na kumvisha mtu wa London. Mfumuko rasmi ni wa Uingereza nzima. Wa London peke yake hautolewi kila mwezi. Kapu la Ofisi ya Taifa ya Takwimu, yaani orodha ya vitu vinavyopimiwa mfumuko, lina bidhaa na huduma zaidi ya 700, na kila kitu hupewa uzito kulingana na matumizi ya kaya zote kwa pamoja, wakiwemo waliomaliza mkopo wa nyumba zamani za kale. Ndiyo maana kodi ya pango humo ina uzito usiofika asilimia 10. Mpangaji wa Newham, mashariki mwa London, ambaye pango linamla karibu nusu ya mshahara, kapu hilo si lake. Desemba 2024 mfumuko wa nchi ulikuwa 2.5. Mwezi huohuo pango la London lilikuwa limepanda kwa zaidi ya asilimia 11 katika mwaka mmoja.

Na hata hiyo 11 imewachanganya watu wawili. Mmoja yuko chumba kilekile miaka mingi, mwenye nyumba anamwongezea kidogokidogo. Mwingine kaambiwa nyumba inauzwa, ahame. Anaingia sokoni anakutana na bei ya leo. Takwimu rasmi hupima pango la wote, wa zamani na wapya. Mawakala wa nyumba hupima matangazo yao. Kwa hiyo namba mbili zinagombana magazetini ilhali zote ni sahihi, na yule mpangaji wa kwanza anakataa kazi nzuri upande wa pili wa jiji kwa sababu akihama tu, ameumia. Ukitaka kujua hali ya ndugu yako huku, muulize mkataba wake unaisha lini.

Ni yupi kati yao anayebeba "gharama ya maisha London"? Sijui, na sidhani kama kuna namba moja ya kulijibu hilo. Lipo pia jambo linalonipunguza sauti kila nikilieleza: simu mpya ikiuzwa bei ileile lakini ina uwezo mkubwa zaidi, sisi tunaandika kwamba imeshuka bei. Kikanuni ni sawa. Jaribu kumwambia hivyo mtu aliyekwenda dukani akakuta ile ya bei ndogo haiuzwi tena.

Chakula nacho. Oktoba 2022 Ofisi ya Takwimu ilitoa matokeo ya kufuatilia vyakula 30 vya bei ya chini kabisa madukani. Kwa jumla vilikuwa vimepanda asilimia 17 kwa mwaka. Lakini mafuta ya kula asilimia 65, pasta 60, chai 46. Mwenye nafasi aliacha chapa ya ghali akashuka rafu moja. Aliyekuwa rafu ya chini tangu mwanzo angeshukia wapi?

Mtaniambia mishahara imepanda. Kweli, kwa wastani ilianza kuuzidi mfumuko katikati ya 2023. Ila Aprili 2024 kima cha chini cha kisheria kilikuwa pauni 11.44 kwa saa, kilekile kwa London na kwa kijiji cha Wales. Hesabu ya mahitaji halisi ya London wakati huo ilikuwa pauni 13.15, na hiyo mwajiri hulipa akipenda.