Je, wajua kwa nini bata anaweza kulowa kama kuku?

Masika yalipoanza, jirani yangu mmoja, mama mtu mzima anayefuga bata sita uani kwake, aliniita kwa sauti ya mtu aliyeona kioja. "Mwanangu, hebu njoo. Bata wangu amelowa!" Nilifika nikamkuta bata jike amejikunyata chini ya mwembe, manyoya yameshikana mgongoni, anatetemeka. Hatua chache kutoka hapo, bata wawili waliokuwa wametoka shamba wiki ileile walikuwa wakiogelea kwenye dimbwi, maji yakiwateleza kama yanavyoteleza kwenye jani la gimbi. Mvua ni ileile, ua ni uleule. Bata wa shamba wakavu, bata wa nyumbani chapachapa.

Vijana wakisema wanakula bata, wana maana ya kustarehe. Nilipomuuliza mama bata wake wanakula nini, jibu lilikuwa fupi: ukoko wa ugali, pumba, na mkate uliolala. Wana zaidi ya mwaka wakila hivyo.

Wengi huamini kwamba bata halowi kwa sababu ana mafuta. Hiyo ni nusu ya habari, tena nusu ndogo. Unyoya una shina katikati, na kwenye shina zimeota nyuzi. Kila uzi nao una vinyuzi vidogo mno vyenye ndoano, na ndoano hizo hushikana na vinyuzi vya pembeni kama zipu. Hewa hunaswa humo ndani, tone la maji likija halipati pa kupenyea. Mafuta hutoka kwenye kile kinundu kilicho juu ya mkia, ambacho wapishi wengi hukikata wakiandaa kuku. Bata hukibinya kwa mdomo, akajipaka, akachambua unyoya mmoja mmoja. Mafuta huufanya unyoya usikauke wala kukatika, na mdomo nao huifunga upya kila zipu iliyofunguka. Zipu zikiharibika, hata ungemmwagia bata kopo zima la mafuta angelowa tu.

Ndiyo maana bata aliyenyimwa maji ya kuoga huishia kulowa. Inachekesha kidogo, lakini ndivyo ilivyo. Kuoga ndiko kunakomchochea kujichambua. Akikaa miezi kwenye tope na kinyesi bila karai la maji, uchafu huziba zipu na yeye huacha kuzihudumia. Si lazima umchimbie bwawa. Karai au beseni analoweza kuzamisha kichwa chote linatosha kuanzia, maana humo pia huosha macho na matundu ya pua. Usimwogeshe kwa sabuni, hasa ya unga. Sabuni itaondoa mafuta yote na utamwacha hoi kuliko ulivyomkuta.

Kwa mama karai lilikuwepo, tena kubwa. Kwa hiyo tulirudi kwenye ukoko.

Unakumbuka harufu ya manyoya kuku anapobabuliwa motoni? Harufu ile kali ni ya salfa. Unyoya karibu wote ni protini iitwayo keratini, ndugu wa kucha na nywele zetu, na keratini ya manyoya imejaa asidi amino (vipande vinavyojenga protini) zenye salfa. Bata hawezi kuzitengeneza kutokana na wanga. Lazima azipate kwenye chakula: dagaa, konokono, minyoo, wadudu, na kwa kiasi kidogo zaidi kwenye mashudu na kunde. Mahindi yana protini ya asilimia 8 au 9 hivi, tena haba katika asidi amino kadhaa, wakati dagaa wakavu wana protini zaidi ya nusu ya uzito wao. Bata wa shamba aliyeshinda bondeni akipekua matope amekula nyama kutwa nzima bila wewe kujua. Yule wa uani hana bonde la kupekua, anasubiri sahani.

Ushahidi utausoma kwenye unyoya wenyewe. Okota unyoya mrefu wa bawa uliodondoka, uinue juani. Ukiona mstari mwembamba umeukata kwa upana, unapitisha mwanga kana kwamba wembe umepita hapo, jua kwamba siku sehemu ile ilipokuwa ikiota bata alikuwa na njaa, au aliugua, au alipata hofu kubwa. Mwaka 1989 mtaalamu wa ndege wa Marekani, Thomas Grubb, aliipa jina la kitaalamu elimu ya kusoma ukuaji wa manyoya. Milia hafifu ya ukuaji huja jozi jozi, mmoja wa giza na mmoja wa mwanga, na kila jozi ni kazi ya mchana mmoja na usiku mmoja. Jozi pana, ndege alikuwa ameshiba. Jozi nyembamba, alilala njaa. Unyoya wa bata wa mama ulikuwa na mistari ile ya wembe mitatu, na ncha imechakaa kama ufagio wa mwaka jana.

Protini siyo kasoro pekee ya mahindi. Kuna vitamini B3, yaani nayasini. Mahindi yanayo, lakini imefungwa kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuifungua; watu wa Meksiko tangu kale huyachemsha kwa chokaa, na chokaa huifungua. Bila hivyo, anayeishi kwa mahindi matupu hupata pelagra, ugonjwa wa kukosa nayasini. Mwaka 1990 zaidi ya wakimbizi 18,000 wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua ugonjwa huo baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao. Mahindi walikuwa nayo. Kilichokuwa kikiwalinda ni karanga.

Sasa bata katika jambo hili ni dhaifu kuliko kuku. Kuku hujitengenezea sehemu ya nayasini kutoka kwenye protini, bata hujitengenezea kidogo sana. Viwango vilivyotolewa na Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani mwaka 1994 vinataka miligramu 55 za nayasini kwa kila kilo ya chakula cha bata, na 35 kwa kifaranga wa kuku wa nyama. Kwa hiyo kifaranga wa bata anayekula chakula cha vifaranga wa kuku peke yake anaweza kupungukiwa, na wa ukoko ndiyo usiseme. Miguu hutangulia kusema: viungo huvimba, miguu hupinda, kifaranga anakaa chini kila baada ya hatua mbili. Manyoya hufuata, machache na makavu. Dagaa, karanga na machicha ya pombe vyote vina nayasini.

Karanga na machicha, lakini, visiwe na ukungu. Tuna tabia mbaya hapa kwetu: mahindi au karanga zikiota ukungu, tunasema "wape mifugo". Bata ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi mno na sumukuvu. Mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa Uingereza kwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, na vifaranga vya bata navyo vilikufa. Kutokana na msiba huo ndipo sumukuvu ya karanga na mahindi ilipogunduliwa. Sumu hiyo hula ini, na bata mwenye ini bovu hastawi wala haoti manyoya mazuri. Ukungu ukiingia, tupa.

Jambo jingine dogo: mahindi yetu ni meupe. Ya njano yana ile rangi inayogeuka kuwa vitamini A mwilini, meupe hayana. Mchicha au matembele yaliyokatwakatwa na kuachwa yaelee juu ya maji yanamaliza tatizo hilo, na bata huyashambulia kwa furaha isiyo na adabu.

Vifaranga wana habari yao. Wengi wetu tunamwekea kuku mayai ya bata ayaatamie, na huyu bata wetu wa kawaida mwenye manundu mekundu usoni huchukua siku 35, basi kuku maskini analalia karibu mara mbili ya siku zake 21. Vifaranga wakitoka, hukimbilia maji huku mama wa kambo akipiga kelele ukingoni. Manyoya yao laini ya mwanzo bado hayazuii maji vizuri. Mama bata huwafunika chini ya manyoya yake makavu yenye mafuta wakatoka wamekauka, lakini kuku hajui kwamba hilo ni deni lake. Wiki za mwanzo wape maji ya kuzamisha kichwa tu, na wakilowa wakaushe upesi.

Kabla hujalaumu chakula, tazama kwanza ni manyoya gani yamepungua. Kisogo na mgongo wa jike vikiwa vipara huku kwingine kuzima, mkosaji ni dume, kwa sababu humng'ata kisogoni anapompanda. Dume mmoja kwa majike wanne hadi sita ndiyo amani ya banda. Manyoya marefu ya mabawa yote mawili yakidondoka kwa pamoja, na vijiti vipya vikionekana kwenye ngozi, huyo anabadilisha manyoya tu. Bata huyaangusha ya kurukia yote kwa mpigo, na wa porini hukaa wiki tatu nne bila kuweza kuruka. Vile vijiti vina damu ndani, usivivute. Na ncha ya bawa ikipinduka kuelekea nje kwa bata mchanga, punguza mkate na vyakula vya kunenepesha, umfunge bawa kwa bandeji laini siku chache. Akishakomaa halirudi.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo ndilo kiini cha mambo yote haya: "Nikianza dagaa leo, ataacha kulowa lini?"

Si leo, nilimwambia, wala wiki ijayo. Unyoya ukishakomaa umekufa, kama kucha iliyotokeza nje ya kidole. Haulishwi tena. Unyoya aliokuwa nao bata yule ulikuwa umetengenezwa kwa ukoko wa miezi iliyopita, na angeendelea kuuvaa hivyohivyo mpaka uanguke. Dagaa wa leo ni wa manyoya yajayo. Na wakati wa kubadilisha ndipo mahitaji hupanda kuliko wakati wowote, kwa kuwa mwili unashona nguo nzima upya.

Basi yule bata alilala jikoni kwenye boksi usiku wa mvua, msimu wote ule, huku akila kiganja cha dagaa waliotwangwa na matembele kila asubuhi. Wajukuu walimwita Mgeni. Baada ya miezi kadhaa manyoya ya mabawa yakapukutika kwa pamoja, mama akanipigia simu kuniuliza kama dawa imemuua. Nikamwambia amwangalie kwenye ngozi. Vijiti vilikuwa vimeshatokeza, vya buluu, kila upande sawa.

Vuli ilipofika nilipita kwao. Mgeni alikuwa chini ya bomba la paa, maji yakimwagikia mgongoni kwa nguvu, na hakuna aliyeweza kumtoa pale.