Oktani si nguvu ya petroli

Wapo wanaoamini kwamba petroli ya oktani 98 ina nguvu kuliko ya 91, na kwamba ukiijaza, gari lolote litachanganya haraka. Dhana hii ndiyo inayokula fedha za watu wengi, tena bila faida.

Namba ya oktani haipimi nguvu. Inapima ustahimilivu: petroli ibanwe ndani ya silinda, ipate joto, lakini isijiwakie yenyewe kabla moto ulioanzishwa na plagi haujaifikia. Katika kipimo hicho hulinganishwa na vimiminika viwili: heptani, inayojiwakia upesi, imepewa 0, na isooktani, inayostahimili sana, imepewa 100. Petroli ya 95 hustahimili sawasawa na mchanganyiko wa isooktani sehemu 95 na heptani sehemu 5. Ikishindwa kustahimili, injini hugonga, na pistoni hupata vipigo ambavyo vikiendelea huweza kuitoboa. Injini yenye mgandamizo mkubwa au yenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya silinda) hubana zaidi, ndiyo maana hudai oktani ya juu. Injini ya kawaida haina cha kufanya na ustahimilivu huo wa ziada. Tazama ethanoli: oktani yake inapita 100, ilhali nishati yake kwa lita ni pungufu ya petroli kwa takriban theluthi moja.

Je, oktani ya juu husafisha injini? Hapana. Kinachosafisha ni kemikali zinazoongezwa kwenye mafuta. Kuna wauzaji wanaoziongeza kwa wingi katika petroli yao ya bei ya juu, lakini hilo ni jambo lingine kabisa.

Kuchanganya madaraja mawili katika tangi moja nako hakuna madhara. Nusu ya 91 na nusu ya 95 hukupa takriban 93.

Dhana inayonitia wasiwasi zaidi ni hii: “Gari la kisasa lina sensa, yaani kihisio; hata ukijaza oktani ya chini litajirekebisha.” Ni kweli nusu. Sensa ikihisi injini inagonga, kompyuta huchelewesha cheche ya plagi. Injini inalindwa, ila nguvu hupungua na ulaji wa mafuta huweza kupanda. Ukipandisha mlima na mzigo mzito siku ya joto, ulinzi huo huenda usitoshe. Kwa hiyo soma kitabu cha gari au upande wa ndani wa mfuniko wa tangi. Kikisema oktani fulani “inapendekezwa”, una nafasi ya kushuka kidogo. Kikisema “inahitajika”, usishuke.

Angalia pia aina ya kipimo. Marekani na Kanada huandika wastani wa vipimo viwili vya oktani, RON (injini ikifanya kazi nyepesi) na MON (ikifanya kazi nzito), hivyo 87 yao hukaribia 91 au 92 ya nchi zinazotumia RON peke yake. Wengi hulilisha gari petroli isiyo yake kwa kutolijua hili.

Na kama injini inagonga ilhali umejaza petroli sahihi, usikimbilie oktani ya juu. Fundi aangalie kwanza plagi, mfumo wa kupooza na masizi ndani ya silinda.