Makofi ya mitingi si kura

Huku Lubumbashi, Kongo (RDC), kuna maneno tunayasikia tangu zamani, eti mkubwa anayetafuta urais akikuja kwa ngome ya upinzani, akisalimia na "jambo yenu" na batu bakapiga makofi, basi mji umeshakuwa wake. Hapana jamani. Batu banaenda mitingi (mikutano ya siasa) kuona, kupata tisheti, wengine kusikia fanfari (bendi ya tarumbeta) tu, na mama anafunga kitenge ya chama hiki leo, kesho ya kile (kitenge ni kitenge). Halafu tunasahau kitu kimoja: tangu katiba ibadilishwe 2011, rais anachaguliwa kwa duru moja, mwenye kura nyingi anapita hata kama hafiki 50%, kwa hiyo mkubwa hakuji kunyanganya Moïse Katumbi, mpinzani wa huku, mji, anakuja kupunguza pengo, sababu kura ya komini za hapa Lubumbashi, kama Kenya au Kamalondo, inahesabika sawasawa na ya Kinshasa.