Utangulizi wa IA ya hesabu: acha kuniambia unapenda hesabu

Wanafunzi wangu wa IB (International Baccalaureate, programu ya kimataifa ya sekondari) wakiniletea rasimu za IA ya hesabu, yaani ile kazi ya uchunguzi anayoiandika mwanafunzi mwenyewe, karibu zote zinaanza vilevile, "tangu utotoni nimekuwa nikipenda hesabu", halafu inafuata aya nzima ya Pythagoras hata kama kazi yenyewe ni ya penalti za mpira. Hapo mie nishaanza kupiga miayo.

Sasa sikia. IA ina maksi 20 na inabeba asilimia 20 ya matokeo yako ya mwisho, na humo kigezo cha kujihusisha binafsi ni maksi 3 tu, tena hazitolewi kwa kutangaza mapenzi, zinatolewa kwa kile ulichokifanya na hesabu yenyewe. Utangulizi uulize swali linalopimika, useme kwa nini wewe unalitaka jibu, udokeze njia utakayopita, basi. Ukurasa mmoja unatosha kabisa.

Kuna kijana wa Mombasa aliniletea "nitachunguza maji kujaa na kupwa kwa kutumia fanksheni ya sini". Hiyo ni mada, swali liko wapi? Nikamuuliza, we maji yanakuhusu nini? Akasema huwa anaenda kutafuta pweza na babu yake, na mzee hajawahi kufungua jedwali la bandari hata siku moja, anahesabu siku za mwezi kwa vidole anakwambia leo bamvu (maji yanajaa na kupwa sana), leo maji mafu (yanajaa na kupwa kidogo). Weee! Na hilo umelificha?

Tukaandika upya: je, mawimbi mawili ya sini, la mwezi linalojirudia kila baada ya saa 12.42 na la jua kila baada ya saa 12, yanatosha kutabiri maji ya bandari ya Kilindini, Mombasa, kwa siku 15 bila kukosea zaidi ya sentimita 30? Pana mahali, pana muda, pana kipimo cha kushindwa. Na zile siku 15 hazikuokotwa tu, manake vilele vya mawimbi hayo hukutana kila baada ya siku 14.8 hivi, ndo bamvu la babu hilo.

Ila swali hilo hakuanza nalo. Mwanzo alikuwa na wimbi moja, likakaa vizuri siku mbili tatu kisha likaanza kuachana na data, ndo akaongeza la pili na kurudi kuufumua utangulizi wote. Kwa hiyo we andika sentensi mbili za kushikilia nafasi, kapige hesabu, huo utangulizi utaurudia ukishajua ulichouliza.