Hoja ya unyaukaji wa korosho: iende mlango gani, na iwe na nini ndani

Barua nyingi za AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima) kwenda serikalini hufa kwa sababu moja: zimepelekwa kwa mtu asiye na mamlaka ya kuzijibu. Mkuu wa Wilaya ataipokea kwa heshima, ataahidi kufuatilia, na msimu utafunguliwa mjengeko wa bei (makato yanayotolewa kwenye bei ya mkulima) ukiwa vilevile.

Tozo ya kusafirisha korosho ghafi nje ni jambo la Bunge, kupitia Sheria ya Fedha. Ushuru wa mazao wa asilimia 3 kiwango chake kimo kwenye sheria ya fedha za serikali za mitaa, kwa hiyo madiwani wabaneni kuhusu matumizi yake. Mambo ya ghala na mnada huwekwa kwenye mwongozo wa msimu wa Bodi ya Korosho. Unyaukaji, yaani korosho kupungua uzito zikikauka kati ya AMCOS na ghala kuu, ni wa mlango huo wa mwisho, na naona ndiyo hoja ambayo vyama vyetu huidai vibaya kuliko zote.

Tuuangalie mzigo mmoja. Kilo 20,000 zilizotoka AMCOS zikiwa na unyevu wa asilimia 11, zikikauka hadi asilimia 10 zitasoma takriban kilo 19,778. Kilo 222 ni maji yaliyokwenda na hewa, hakuna aliyeiba. Kwa bei ya mfano ya Sh 3,000 hiyo ni Sh 666,000, na mkulima alishaandikiwa kilo zake zote. Mizani ya ghala kuu ikisoma 19,600, basi kilo 178 zilizozidi hapo haziwezi kuelezwa na unyevu. Hapo tafuteni mizani, gunia zilizochanika, au mikono ya watu.

Kabla ya kumshuku mtu, angalieni gunia tupu. Mzigo huo ni gunia 250 za kilo 80. Likikadiriwa kilo moja kila gunia, upande mmoja ukipima na gunia na mwingine ukitoa, mmeshatofautiana kilo 250 bila korosho hata moja kupotea.

Kwa hiyo kila gari liandikwe: tarehe, namba ya gari, idadi ya gunia, kilo na unyevu pale AMCOS, kilo na unyevu pale ghalani, na sahihi za waliopima. Sampuli ichotwe juu, katikati na chini ya gunia, maana za juu huwa kavu zaidi. Mizani iwe na stika hai ya Wakala wa Vipimo. Chama kisicho na kipima unyevu kinaenda kulalamika tu. Hakina cha kuthibitisha.

Ombi lenyewe lisiwe "tunaomba Serikali iliangalie suala hili". Andikeni kifungu mnachotaka kiingie kwenye mwongozo: unyevu upimwe pande zote mbili mbele ya wawakilishi, upungufu unaolingana na tofauti ya unyevu ndio uhesabiwe unyaukaji, na unaozidi hapo alipe aliyekuwa na mzigo. Kurasa mbili zinatosha. Malalamiko ya salfa (dawa ya mikorosho) na barabara yawe na barua zake, la sivyo mtajibiwa lile jepesi.

Hoja ipite mkutano mkuu, na muhtasari uliosainiwa uambatishwe. Kisha Chama Kikuu, iwe MAMCU, TANECU, RUNALI au Lindi Mwambao, kikusanye takwimu za AMCOS zake kwa jedwali la aina moja. Takwimu za AMCOS na za Chama Kikuu zikipishana, hoja imekwisha. Nakala ziende kwa Afisa Ushirika na Mrajis Msaidizi wa vyama vya ushirika. Mkaguzi wa COASCO, shirika linalokagua hesabu za vyama vya ushirika, akiwa amewapa hati mbaya, jiandaeni: hilo ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa.

Mwongozo hudaiwa kabla ya minada ya Oktoba, kwenye vikao vya wadau, wala si gari likiwa tayari kwenye foleni ya ghala. Mambo ya kodi hutaka kuwahi zaidi. Juni 2018 wabunge wa kusini walipopigania asilimia 65 ya tozo iliyokuwa ikirudi kwenye zao, muswada wa kuiondoa ulishafika bungeni, na ukapita. Mapendekezo ya kodi yanapaswa kufika Wizara ya Fedha miezi kadhaa kabla, na nauli ya kwenda Dodoma kuonana na Kamati ya Bajeti iwe kwenye makisio yaliyopitishwa na wanachama. Posho isiyo na kifungu itageuka hoja ya ukaguzi mwaka unaofuata.