Sala ya pamoja kazini, na lile jibu la "hakuna aliyelalamika"

Malalamiko ya dini kazini yanazidi kuja mezani kwetu na mengi yanaanzia kwenye sala ya pamoja kabla ya kikao au kabla ya shifti. Niseme mapema tusije tukagombana bure, hakuna anayekataza watu kusali. Shida ni pale anayeongoza sala ndo huyohuyo anayesaini likizo na kuandika tathmini ya mwisho wa mwaka. Hapo mtu hata ukimwambia ni hiari anaelewa vingine, anasimama na wenzake, anainamisha kichwa, na bosi anajua wote wameridhia.

Tukiwaita waajiri jibu ni lilelile, hakuna aliyelalamika. Jamani, nani amlalamikie anayeshika mshahara wake? Na lile la wengi wape naomba tuliache kabisa, imani ya mtu haipigiwi kura. Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, umeitaja dini waziwazi kwamba mtu habaguliwi kwayo kwenye ajira. Unaruhusu tofauti pale tu kazi yenyewe inapodai, kwa hiyo msikiti au kanisa kutaka kiongozi wa ibada awe wa imani yao ni sawa, ila mhasibu wa kampuni ya usafirishaji hesabu zake hazina dhehebu.

Kinachofanya kazi sio kigumu. Wanaotaka kusali wakutane kabla, kikao kianze kwa saa yake, asiyekuja asiulizwe kwa nini wala jina lake lisiandikwe popote. Kama kuna chumba kiwe cha imani zote. Grupu la WhatsApp la kazi libaki la kazi, mahubiri yakaanzishiwe grupu lake na mtu aingie mwenyewe, sio kuongezwa.

Wafanyakazi nao wasikilize, maana huku pia kuna kutoelewa. Haki ya kuabudu sio ruhusa ya kuacha mashine inazunguka ukaondoka bila kuaga. Swala ya Ijumaa na Sabato ya Jumamosi siku zake zinajulikana mwaka mzima, sasa kwa nini tusubiri asubuhi ya siku yenyewe? Omba mapema, pendekeza nani utabadilishana naye shifti au lini utafidia muda. Mwajiri naye asikatae tu kwa mazoea, Mkataba namba 106 wa shirika hilohilo, wa mwaka 1957, unaohusu mapumziko ya wiki kwenye biashara na maofisi unataka mila za dini za walio wachache ziheshimiwe kadiri inavyowezekana.

Kadiri inavyowezekana maana yake unapima. Mwaka 2013 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kesi mbili za mikufu ya msalaba kwa pamoja, mfanyakazi wa shirika la ndege akashinda kwa sababu msalaba wake haukumdhuru mtu, muuguzi akashindwa kwa sababu hospitali ilionyesha hatari kwa usalama wa wagonjwa. Imani moja, ila kazi tofauti.

Ukionewa, andika: tarehe, saa, nani kasema nini, nani alikuwepo. Barua iende kwa msimamizi, au kwa aliye juu yake kama yeye ndo unayemlalamikia. Nakala yako iwe na mhuri au sahihi ya aliyepokea, na kama umetuma kwa imeli usiifute. Usipojibiwa nenda chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi, ukaulize siku hiyohiyo muda wa kufungua shauri unaisha lini, maana kesi nzuri nyingi zinafia hapo. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, ibara ya 5, unasema dini sio sababu halali ya kuachisha kazi, na kumlalamikia mwajiri kwamba kavunja sheria sio sababu pia. Kwa nchi zilizouridhia, chombo kinachosikiliza kikiona umeachishwa isivyo halali kinaweza kuamuru urudishwe kazini, na isipowezekana ulipwe fidia ya kutosha.

Na msimamizi ukipokea barua kama hiyo, jibu kilichoandikwa. Usianze kuulizia aliyeiandika anasali wapi, swali hilo peke yake linaweza kuwa lalamiko la pili.