Je, wajua kwa nini Wapalestina waliosoma Kiingereza kwa miaka 12 bado hutafuta mgeni wa kuzungumza naye?

Katika miji ya Ukingo wa Magharibi kama Nablus, Hebroni na Bethlehemu, na katika kambi za wakimbizi zilizo kandokando ya miji hiyo, umekuwapo kwa miaka mingi utaratibu ambao kwa mtazamo wa kwanza hauna cha kushangaza. Kijana kutoka nje, mara nyingi mwanafunzi wa chuo kikuu, hufika kwa wiki kadhaa au miezi michache, hulala kwa familia mwenyeji au katika chumba cha kituo cha vijana, na kila alasiri huketi na vijana wa hapo kuzungumza nao Kiingereza bila malipo. Hafundishi kanuni wala hatoi mtihani. Kazi yake ni kuuliza, kusikiliza na kujibu. Swali linalostahili kuulizwa ni kwa nini jamii yenye walimu wake wa Kiingereza, tena wenye shahada, imwite mtu wa mbali aje kupiga soga.

Mimi nililijibu swali hili vibaya, tena kwa kujiamini. Rafiki yangu aliyekuwa akijiandaa kwenda Nablus aliniomba ushauri kuhusu vitabu vya kubeba, nami nikamjazia begi vitabu vya sarufi vya ngazi ya mwanzo, kwa hoja niliyoiona imejitosheleza: anayeomba mwalimu wa Kiingereza hajui Kiingereza. Vitabu vilirudi bila kufunguliwa. Wanafunzi wake walizijua nyakati zote za vitenzi kwa majina yake, na mara mbili tatu walimsahihisha yeye katika mambo ambayo hakuwahi kufahamu kwamba yana kanuni. Kilichowashinda kilikuwa kujibu swali la "jana ulifanya nini?" kabla kimya hakijawa kirefu kiasi cha kumtia haya hata aliyeuliza.

Kosa langu lilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilitokana na picha niliyokuwa nayo kichwani, kwamba jamii iliyo kambini au chini ya ukaliaji wa kijeshi ni jamii isiyosoma. Takwimu zinakataa. Kati ya kila Wapalestina 100 wa Ukingo wa Magharibi na Gaza wenye umri wa miaka 15 na zaidi, zaidi ya 97 wanajua kusoma na kuandika, kiwango ambacho nchi kadhaa zenye amani tele bado zinakitafuta. Mtaala wa Kipalestina, ulioanza kuingia madarasani mwaka 2000 badala ya mitaala ya Jordan na Misri iliyotumika kabla yake, hufundisha Kiingereza kuanzia darasa la kwanza hadi la 12. UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa lililoundwa mwaka 1949 kwa ajili ya wakimbizi wa Kipalestina, hufuata mtaala wa mahali zilipo shule zake, kwa hiyo mtoto wa kambi ya Balata, iliyo Nablus, hukutana na alfabeti ya Kiingereza katika umri ule ule anaokutana nayo mtoto wa Ramallah.

Lugha yenyewe si ngeni huko. Wamisionari wa madhehebu ya Kikweka walifungua shule ya wasichana Ramallah mwaka 1869, na chini ya udhamini wa Uingereza, uliokoma Mei 1948, Kiingereza kilikuwa lugha rasmi pamoja na Kiarabu na Kiebrania. Tanganyika nayo, kama Palestina, ilitawaliwa na Uingereza kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na msomaji wa Tanzania huenda akautambua urithi mmoja uliobaki pande zote mbili: mtu aliyefaulu karatasi ya Kiingereza na bado hubadili njia akimwona Mzungu anakuja. Gaza, ambako vijana wengi hawajawahi kupata nafasi ya kutoka nje ya mipaka yake, ilizaa kizazi cha waandishi wa hadithi na mashairi kwa Kiingereza, baadhi yao wakiwa wanafunzi wa Refaat Alareer, mhadhiri wa fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Gaza, aliyeuawa katika shambulio la anga la Israeli Desemba 2023. Watu wa namna hiyo hawakuwa na haja ya begi langu.

Sehemu ya pili ya kosa ilikuja nilipokubali kwamba sarufi si tatizo, nikarukia matamshi. Hapa angalau nilikuwa na kitu cha kushika, kwa sababu Kiarabu hakina sauti ya "p". Katika maneno yake ya asili sauti hiyo iligeuka "f" zamani sana, na katika maneno ya kuazima mara nyingi huwa "b". Matokeo yake ni kioja kidogo cha historia: nchi ambayo sisi tunaiita Palestina, wenyewe huiita Filastin, na mji ulioanzishwa na Warumi mwaka 72 kwa jina la Kigiriki Neapolis, yaani mji mpya, leo ni Nablus. Walimu huko hutumia ukanda wa karatasi ulioshikwa mbele ya midomo: "p" ya Kiingereza mwanzoni mwa neno huutikisa kwa pumzi yake, "b" huuacha umetulia. Msomaji wa Mombasa anaweza kulifanya jaribio hilo kwa Kiswahili chake mwenyewe, kwani katika Kimvita paa wa porini hutoka na pumzi ambayo paa la nyumba halina. Ningependa kukaa kwenye jambo hili zaidi, lakini ukweli ni kwamba halijibu swali letu. Mtu akisema "Baris" akimaanisha mji mkuu wa Ufaransa, hakuna anayepotea njia.

Tatizo lenyewe ni muda, na ni muda mfupi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Tanya Stivers walichapisha vipimo vya mazungumzo ya kawaida katika lugha 10 za mabara matano, wakihesabu kimya kilichopo kati ya mwisho wa swali na mwanzo wa jibu. Wastani ulikuwa takribani milisekunde 200, yaani sehemu ya tano ya sekunde. Wajapani walikaribia sifuri, na Wadenmark, waliokuwa wa mwisho, walichukua karibu nusu sekunde. Ni haki kusema kwamba maswali yaliyopimwa yalikuwa yale ya kujibiwa ndiyo au hapana, na kwamba Kiarabu hakikuwamo katika orodha hiyo, wala Kiswahili. Lakini tofauti kati ya jamii zilizopimwa zilikuwa ndogo kiasi kwamba ni vigumu kuwawazia Wapalestina wakisubiriana kwa dakika.

Sasa weka kando ya kipimo hicho kipimo kingine. Mtu akionyeshwa picha ya kitu na kuambiwa akitaje, hata kwa lugha aliyozaliwa nayo huhitaji takribani milisekunde 600 kabla neno halijatoka mdomoni. Hesabu haikubali: neno moja huchukua mara tatu ya muda ambao mazungumzo yanautoa. Njia pekee ya kutoka katika mkwamo huu ni kuanza kuandaa jibu wakati mwenzako bado anasema, na hivyo ndivyo sote tunavyofanya kila siku bila kujijua.

Mfikirie mpishi wa chapati wa alfajiri mwenye jiko moja na foleni ya wateja. Chapati moja iko kwenye kikaango, na wakati huo huo mikono yake inasukuma inayofuata. Jicho moja liko kwenye moto, jingine kwenye kibao, na mdomo unarudisha chenji. Anaweza kufanya hivyo kwa sababu kusukuma hakumgharimu tena fikra yoyote. Mlete mwanagenzi mwenye unga ule ule, mafuta yale yale, na anayejua kipimo cha maji na chumvi kuliko hata fundi wake. Kwake kusukuma kunataka mikono yote miwili na macho yote mawili. Akisukuma, iliyo motoni inaungua. Akiangalia moto, kibao kinasimama, na foleni inaanza kunung'unika. Ukimwongezea unga hutakuwa umemsaidia, kwa maana upungufu wake hauko kwenye unga. Wala kumpa siku nzima ya kusukuma chapati moja nzuri kuliko zote hakutamfundisha kusukuma huku nyingine ikiiva.

Vitabu nilivyopakia vilikuwa unga. Mwanafunzi wa Nablus analo neno, lakini kulichota kunakula umakini wake wote, kwa hiyo wakati analichota hasikii mwisho wa sentensi ya mwenzake, na asipousikia mwisho hajui ajibu nini. Kimya kikifika sekunde moja hubeba maana yake chenyewe, kwa kuwa katika mazungumzo kuchelewa kujibu husikika kama kusita au kukataa. Mjibuji anajua hivyo, anaona haya, na anakimbilia neno moja la kukubali ambalo linaifunga mada. Kinachoondoa hali hii ni kuyachota maneno yale yale mamia ya mara mbele ya foleni, mpaka kuchota kusihitaji kufikiriwa.

Shule haiwezi kuitoa foleni hiyo kwa urahisi. Chukua darasa la wanafunzi 40 na kipindi cha dakika 40: hata mwalimu akinyamaza kabisa, kila mmoja amebaki na dakika moja. Tena Tawjihi, mtihani unaofunga miaka 12 ya shule na kuamua nani aingie chuo kikuu, hupima Kiingereza kwa maandishi, na mwalimu mwenye akili hufundisha kile kitakachopimwa. Nina dhana nyingine, nayo naitoa kama dhana tu. Mtoto wa Kiarabu husema lahaja ya nyumbani kwao, kisha shuleni hujifunza fus'ha, Kiarabu sanifu cha vitabu na hotuba, ambacho hakuna anayekitumia kumwomba jirani chumvi. Ni hali ambayo mwanaisimu Charles Ferguson aliieleza kwa kirefu mwaka 1959. Huenda mtoto kama huyo huzoea mapema kwamba lugha ya darasani ni ya kuandikwa, na Kiingereza kikaingia katika kabati hilo hilo.

Mahali ambapo foleni ipo, lugha hujifundisha. Papasi wa Zanzibar, wale vijana wanaowafuata watalii mitaani kutafuta riziki, huzungumza Kiitaliano ambacho hakuna shule iliyowafundisha, kwa sababu Mwitaliano hushuka kila siku na hasubiri. Bethlehemu ina watu wa aina hiyo: wauza vinyago vya mti wa mzeituni karibu na Kanisa la Uzawa, ambao hupatana bei na mahujaji kwa lugha kadhaa. Mwendo wa miguu kutoka hapo iko kambi ya Aida, chini ya ukuta wa Israeli, ambako kijana aliyesoma zaidi ya muuza vinyago anaweza kumaliza mwaka bila kuulizwa swali moja la Kiingereza na mtu asiyejua Kiarabu. Ukingo wa Magharibi hauna uwanja wa ndege wa abiria. Anayetaka kusafiri hulazimika kuvuka daraja la Mto Yordani kwenda Jordan, na Yerusalemu, mji wenye wageni wengi kuliko yote, wakazi wengi wa Ukingo wa Magharibi huingia kwa kibali tu. Kama watu hawawezi kuufuata mdomo wa mgeni, huletewa mgeni.

Faida kubwa ya mgeni huyo, kwa hiyo, ni ujinga wake. Kwa kuwa haelewi Kiarabu, mlango wa kutorokea umefungwa, na yeye ndiye foleni. Ndiyo maana sioni msingi wa imani kwamba lazima awe mzaliwa wa Uingereza au Marekani. Mkenya au Mganda aliyejifunza Kiingereza darasani analitimiza sharti hilo vizuri kabisa, ingawa maneno kama kitabu, habari, sabuni na kahawa, ambayo Kiswahili kilichukua kwa Waarabu, yatampa mwanafunzi vichochoro vichache vya kupenya. Ushahidi kuhusu thamani ya mgeni wa wiki mbili, hata hivyo, ni mwembamba. Kuchota hukua kwa kurudiarudia, na kundi linalobadilishiwa mgeni kila mwezi huishia kuwa hodari sana katika kujitambulisha, kutaja idadi ya ndugu na kueleza chakula linachokipenda, kisha hunyamaza.

Kufika huko sasa ni kugumu zaidi. Njia zote za kuingilia ziko mikononi mwa Israeli, ambayo tangu Oktoba 2022 ina kanuni mahususi kwa wageni wanaokwenda kujitolea, kusoma au kufundisha Ukingo wa Magharibi, na tangu vita vya Oktoba 2023 Gaza haifikiki kabisa kwa kazi ya namna hii. Mazungumzo mengi yamehamia kwenye simu, na hapo ile sehemu ya tano ya sekunde inarudi kudai haki yake. Viwango vya kimataifa vya mawasiliano hupendekeza sauti isichelewe njiani zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja, kwa kuwa baada ya hapo wazungumzaji huanza kugongana maneno. Lakini Ukingo wa Magharibi ulipata mtandao wa simu wa kizazi cha tatu Januari 2018 tu, na Gaza ilibaki na wa kizazi cha pili. Kwa hiyo wengi hutumiana ujumbe wa sauti. Mwanafunzi hurekodi jibu lake, hulisikiliza, hulifuta, huandika pembeni sentensi iliyo bora, kisha huisoma mbele ya simu bila kosa hata moja, kama alivyofanya kwenye karatasi ya Tawjihi.